Muda wa Mabadiliko Uandikwe na Kanzidata Yenyewe

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Foleni ya Ali Hassan Mwinyi saa hizi wote tunaijua, kwa hiyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Chukueni duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Kariakoo. Kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya duka, jedwali la bei lina safu inayoitwa ilibadilishwa, ya kuandika muda bei ilipobadilishwa mara ya mwisho. Muuzaji anabadili bei ya nondo kwa simu. Mhasibu anaibadili kwenye kompyuta ya ofisini. Usiku, fundi wa mfumo anaingia kwenye kanzidata na kupandisha bei za bati zote kwa amri moja. Programu ya simu inaandika muda vizuri. Ya ofisini inaandika kwa saa ya kompyuta ile, ambayo iko nyuma. Fundi haandiki kabisa. Kesho yake mteja wa bati anakuja na ankara mkononi, anadai alilipa kabla bei haijapanda, na safu yetu inaonyesha tarehe ya mwezi uliopita. Mtamjibu nini?

Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ya kuandika muda tuikabidhi kanzidata. Njia za kuingilia ni nyingi, lakini zote zinaishia kwenye jedwali lile lile.

Wengi huweka DEFAULT now(), yaani safu ijazwe muda wa sasa yenyewe, wakadhani wamemaliza. Hiyo hufanya kazi mstari unapoingizwa. Ukibadilishwa baadaye, muda unabaki ule ule wa zamani. Mfumo wa kanzidata wa MySQL una ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP kwa kazi hii. Kwenye mfumo mwingine, PostgreSQL, tunaandika triga, yaani kanuni ambayo kanzidata inaitekeleza yenyewe jedwali linapobadilishwa. Tazameni ubaoni:

CREATE FUNCTION weka_muda() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  NEW.ilibadilishwa := now();
  RETURN NEW;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER bei_muda BEFORE UPDATE ON bei
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION weka_muda();

NEW ni mstari kama utakavyokuwa baada ya mabadiliko. Tunaushika kabla haujahifadhiwa, tunaugonga muhuri wa saa, tunauachia. Hata programu ikituma muda wake wa uongo, triga inaufuta na kuweka wa seva. Lazima iwe BEFORE. Ukiandika AFTER, mstari umeshahifadhiwa na kuigusa NEW hakusaidii kitu. Na RETURN NEW muiangalie sana: mkirudisha NULL, yaani thamani tupu, PostgreSQL inaruka mabadiliko ya mstari ule bila kutoa kosa lolote. Bei haibadiliki, na hakuna anayeambiwa.

Fanksheni hii moja inatumika kwa kila jedwali lenye safu ya jina hilo. Kinachorudiwa ni triga tu. Wenye toleo la PostgreSQL la kabla ya 11 waandike EXECUTE PROCEDURE badala ya EXECUTE FUNCTION.

Sasa saa zenyewe. Seva nyingi tunazokodi zinatumia UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi Dar tuko mbele kwa saa 3. Bei ikibadilishwa saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Julai, kwa seva hiyo bado ni saa nne na nusu usiku, tarehe 30 Juni. Kwa taasisi inayofunga hesabu Juni, badiliko hilo limeangukia mwaka mwingine wa fedha! Tumieni timestamptz, aina ya safu inayozingatia ukanda wa saa, si timestamp tupu, na wakati wa kusoma muweke ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam. Jambo hili naliona linapuuzwa mno.

Kumbukeni pia kwamba now() hutoa muda muamala ulipoanza, yaani kundi la amri zinazotekelezwa kama kazi moja. Bati zote za fundi zitapata muda mmoja hata kama kazi imechukua dakika 5, na kwa bei mimi napenda hivyo, maana zilipanda kwa pamoja. Anayetaka muda halisi wa kila mstari atumie clock_timestamp().

Mwisho, mwenye jedwali anaweza kuizima triga kwa amri moja. Kwa hiyo programu zenu zisiingie kwa akaunti ya mwenye jedwali. Zifungulieni akaunti nyingine, yenye ruhusa ya kusoma na kuandika tu. Haya, nani ana swali?