Bomba Kwanza, Rangi Baadaye

Assalaam alaykum. Nimepewa dakika ishirini na mada mbili: majengo ya umma ya Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar, na maji machafu. Mimi ninayo mada moja tu. Wengine mmeshanisikia nayo mpaka mmechoka. Mtanisamehe, mwenyewe sijachoka.

Kuna skuli moja, siitaji, tulipewa kuikarabati. Mkataba unasema: kukwangua, lipu ya saruji, rangi. Mabomba hayamo. Nikauliza, nikaambiwa fungu la mabomba liko idara nyingine. Haya. Tukapiga lipu, tukapaka rangi nyeupe pee, mgeni rasmi akakata utepe, pilau ikaliwa. Miezi mitatu haijatimia, na mvua hazijaanza, ukuta umetoka malengelenge. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole: unalia kama debe. Tukabandua. Bomba la choo cha ghorofani, la chuma, limeoza ndani ya ukuta, linachuruzika tangu hajui mtu lini. Nikashika ncha ya boriti, ikanibaki mkononi, laini kama muhogo wa nazi. Juu ya boriti hiyo darasa zima la watoto linasoma hesabu.

Jiwe letu la matumbawe linakunywa maji. Ukilipaka chokaa, maji yanaingia na yanatoka, chumvi inabaki nje, unaifagia. Ukilivisha saruji umeyafungia mlango. Yanapanda, yanatafuta boriti. Namwona injinia kijana pale anatabasamu: "Mzee, chokaa inataka subira, saruji kesho imekauka." Kweli. Na keshokutwa imebanduka.

Wala nisisingiziwe! Sijasema Beit al-Ajaib, Jumba letu la Maajabu, liliangushwa na bomba. Jumba la 1883, sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wakafa watu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Wataalamu wana maneno yao. Langu ni kwamba sote tulikuwa tukilitazama kwa mbele, kwenye saa na nguzo. Nani kati yenu amewahi kuzunguka nyuma ya jengo lolote la serikali akatazama bomba linatokea wapi?

Sultani Sayyid Barghash alituletea maji safi mjini kutoka Chemchem, karne ya 19 hiyo. Kuyaingiza tuliweza. Kuyatoa, mnajua wenyewe: kinachoshuka chooni kinaishia baharini, kule kule vijana wanakoogelea jioni. Bahari ikijaa kwa bamvua, mdomo wa bomba unazama, na mambo yanarudi kwenye chemba. Mtalii anauliza harufu gani hii, tunamwambia karafuu.

Naona naonyeshwa saa. Basi makaro ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, nayaruka, mtambo wa kusafisha majitaka nauruka, na hao UNESCO waliotuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 nao wasubiri. Maswali sitayajibia humu ukumbini. Nyuma ya jengo hili kuna chemba, mfuniko wake umevunjika. Twendeni tukaione, na wenye kanzu mzikunje.