Wasifu wa Patrick Dorismond

Ndugu zangu, wazee wetu, vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa kaburini, mtu wa familia husimama akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Kazi hiyo hapewi mgeni, wala hapewi mtu aliyekuwa na kinyongo na marehemu. Leo nataka kumzungumzia kijana ambaye wasifu wake ulisomwa kwanza na meya wa jiji, mbele ya vyombo vya habari, wakati familia yake bado inamlilia.

Patrick Dorismond alikuwa kijana wa Brooklyn, New York, wa familia iliyohama kutoka Haiti. Baba yake, André, alikuwa mwimbaji aliyejulikana kwao. Ndugu yake Charles naye ni mwimbaji, wa rege, na jukwaani anaitwa Bigga Haitian. Patrick mwenyewe alikuwa mlinzi, kazi ambayo wengi wetu humu tunaijua vizuri: kusimama saa nyingi, kuvumilia wapita njia, kurudi nyumbani wenzako wakiamka. Alikuwa na umri wa miaka 26 na mabinti wawili wadogo.

Niwaeleze kidogo watu aliotoka kwao, maana bila hilo hasira iliyofuata haieleweki. Wahaiti wengi waliingia New York wakikimbia utawala wa François Duvalier, ulioanza mwaka 1957, na wa mwanawe Jean-Claude, aliyeng'olewa mwaka 1986. Wengi wakatua Brooklyn, hasa Flatbush. Wakapata makanisa yao, redio zao, maduka yao kando ya Church Avenue. Walikuwa pia wamezoea kuchafuliwa jina. Marekani ilipowazuia Wahaiti kuchangia damu kwa kisingizio cha ukimwi, tarehe 20 Aprili 1990 makumi ya maelfu yao walivuka daraja la Brooklyn kwa miguu kwenda kudai heshima yao. Taifa zima lilikuwa limeambiwa damu yake ni chafu. Watu waliopitia hilo hawana subira na mtu anayemchafua mtoto wao.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa tarehe 16 Machi 2000, saa sita ya usiku imeshapita. Patrick na rafiki yake walikuwa wametoka kwenye baa iliyopo Eighth Avenue, Manhattan, iitwayo Wakamba. Ndiyo, Wakamba, mmesikia sawasawa. Niliposoma jina hilo mara ya kwanza nilihisi kama kifo kile kimeingia nyumbani kwetu. Wawili hao walikuwa nje wakitafuta teksi. Akawajia mtu wasiyemjua, akamuuliza Patrick kama anaweza kumpatia bangi. Patrick alichukia kudhaniwa muuza bangi, akamwambia aondoke. Maneno yakazidi, wakashikana. Mtu yule alikuwa askari kanzu, na wenzake walikuwa jirani. Mmoja wao akafyatua risasi moja, ikampata Patrick kifuani. Hakuwa na silaha. Hakuwa na bangi.

Wakati huo polisi wa New York walikuwa na mpango ulioitwa Operesheni Condor, uliowalipa askari saa za ziada ili wakamate watu wengi zaidi kwa makosa ya dawa za kulevya. Ukimlipa mtu kwa kutafuta wahalifu, atawatafuta hata kwa waliosimama wakisubiri teksi. Tena zilikuwa hazijatimia wiki tatu tangu askari waliomuua Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyefyatuliwa risasi 41 mlangoni kwake Bronx, waachiwe huru. Na Wahaiti walikuwa bado na kidonda cha Abner Louima, ndugu yao aliyeteswa kinyama ndani ya kituo cha polisi Brooklyn mwaka 1997.

Hapa ndipo alipoingia meya Rudolph Giuliani. Aliruhusu kumbukumbu ya polisi ya Patrick itolewe hadharani, ikiwemo ya mwaka 1987, Patrick akiwa mtoto wa miaka 13. Kesi ile ilikuwa imefutwa na faili lake kufungwa kisheria. Alipoulizwa kuhusu haki ya marehemu, meya alijitetea kwamba haki ya faragha huisha mtu akifa. Akaongeza kwamba Patrick hakuwa mtumishi wa altareni, yaani hakuwa kijana mwema.

Lakini alikuwa. Utotoni Patrick alitumikia altareni. Akasoma Bishop Loughlin, shule ya Kikatoliki ya Brooklyn ambayo meya mwenyewe alisoma. Nimeutafakari sana ukweli huo. Mtu yule angeweza kumtaja Patrick kama kijana wa shule yake. Alikuwa na mlango wa kuingilia msibani, akachagua kwenda kwenye kabati la mafaili. Nasema kwa moyo wote: hilo lilikuwa jeraha la pili, na halikufanywa gizani na askari mwenye hofu. Lilifanywa mchana, na mtu aliyekuwa na muda wa kufikiri.

Nao Wahaiti wanajua kuomboleza. Kwa desturi yao wanasali usiku tisa. Watu hukaa pamoja, kahawa inazunguka, wazee wanacheza domino, na marehemu anasimuliwa, yakiwemo ya kuchekesha. Ukikaa pale huoni tofauti kubwa na matanga yetu. Maelfu walijitokeza Flatbush siku ya mazishi, tarehe 25 Machi, wakalisindikiza jeneza hadi kanisa la Holy Cross. Polisi na waombolezaji wakagongana, watu wakaumia pande zote mbili, wengine wakakamatwa. Familia ilinyimwa hata siku moja tulivu ya kumzika mtoto wao.

Mwezi Julai, jopo la raia wanaoamua kama mtu afikishwe mahakamani halikumfungulia mashtaka askari aliyefyatua risasi. Mwaka 2003 jiji lilikubali kuilipa familia dola milioni 2.25. Mabinti wale walikuwa wadogo mno kumkumbuka baba vya kutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ya wanayoyajua wamesimuliwa. Ndiyo maana naona uzito wa alichofanya André, na alichofanya Charles: kusimama tena na tena mbele ya maikrofoni, wakiwa na uchungu, kusema huyu ni mwanangu, huyu ni ndugu yangu.

Naomba niishie hapo, tuingie kwenye maswali. Wanaoingia zamu ya ulinzi usiku huu waanze wao, wasije wakachelewa.