Koo Lililotobolewa: Ndani ya Mwili wa Mnyoo wa Bahari

Shikamooni wazee wangu, wavuvi, na akina mama wa mwaloni. Walimu na wanafunzi, habari za mchana.

Mnyoo ninayemzungumzia leo hamtampata hata mkikokota nyavu humu Ziwa Victoria kutoka Kirumba hadi Ukerewe. Jamii yake nzima, hemikodata, huishi baharini tu. Lakini kooni mwake kuna kitu mnachokishika kila mnapopasua samaki.

Tazameni sangara huyu hapa mezani. Nafunua kifuniko cha shavu. Ndani kuna matamvua mekundu, yamekaa juu ya matao manne ya mfupa upande huu, na mengine manne upande wa pili. Nikipitisha kidole kati ya tao na tao, kinatokea mdomoni. Mwanya huo ndio ulionileta kwenu: koo la sangara limetobolewa, na la mnyoo yule vilevile.

Mwili wake una sehemu tatu: mkonga mfupi mnene wa kuchimbia mchanga, kola inayofuata, kisha kiwiliwili kirefu, laini, chepesi kukatika. Mdomo umejificha chini, pale mkonga unapokutana na kola. Wapo wasiofika milimita 1, na yupo Balanoglossus gigas wa Brazil anayepita mita 1.

Sasa tuingie kooni, na hapa naomba tuende polepole. Nyuma ya kola, ukuta wa koo una nyufa zilizopangwa jozi kwa jozi. Kila ufa huanza kama tundu la kawaida, halafu kipande cha nyama hushuka kutoka juu na kuugawa, ukabaki na umbo la herufi U. Vinyweleo vidogo mno husukuma maji. Yanaingia mdomoni, yanapenya ufa, yanapita kwenye kifuko, yanatokea nje kwa kitundu kilicho karibu na mgongo. Chembe za chakula hunaswa kwenye ute na kuelekea utumboni. Mnyoo akizidi kukua, nyufa nazo huongezeka. Wengine hupitisha jozi 100.

Mtaalamu wa wanyama kutoka Urusi, Aleksandr Kowalevsky, alizitambua nyufa hizo mwaka 1866. Baadaye, miaka ya 1880, Mwingereza William Bateson alitazama kifuko kinachochomoza kutoka paa la mdomo hadi ndani ya mkonga, akakichukulia kuwa notokodi, ule mhimili laini unaotangulia uti wa mgongo katika kiumbe changa. Akamweka mnyoo huyu katika kundi letu, kodata, yaani wanyama wenye notokodi. Wataalamu wengi wa leo hawakubaliani naye, na kifuko hicho wanakiita stomokodi. Lakini hakikai bure. Juu yake umelazwa moyo. Damu, ambayo haina rangi, huja mbele kwa mshipa wa mgongoni, moyo huisukuma kwenye kichujio kinachofanya kazi ya figo, kisha inarudi nyuma kwa mshipa wa tumboni. Moyo na figo ndani ya mkonga wa kuchimbia! Mimi sijaona mpangilio wa mwili unaonivutia kuliko huu.

Ndugu zake wa karibu ni viti vya pwani, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, na urchini, wale wa duara wenye miiba. Mtaalamu wa Ujerumani, Johannes Müller, alipomwona kiluwiluwi wake, tornaria, alidhani ni wa kiti cha pwani, na anayewatazama viluwiluwi hao wawili hatamlaumu. Ndiyo maana matokeo ya mwaka 2015 ni mazito. Jenomu, yaani seti nzima ya jeni, za spishi mbili za minyoo hawa ziliposomwa, lilionekana fungu la jeni zinazokaa pamoja na kushiriki kuunda koo, na fungu hilo limo pia katika wanyama wenye uti wa mgongo. Maana yake, babu wa wote hawa alikuwa na koo lenye nyufa. Viti vya pwani wamezipoteza, sangara amebaki nazo. Na sisi je? Mtoto akiwa tumboni huwa na vifuko kwenye koo. Mfereji unaounganisha koo na sikio hutokana na kile cha kwanza.

Kijana pale nyuma ameuliza atamwona wapi. Ukifika pwani, subiri maji yakupwe, utafute marundo ya mchanga yaliyojisokota juu ya tope laini. Wapo minyoo wengine wanaoacha marundo kama hayo, kwa hiyo tumia pua: wengi wa jamii hii wananuka dawa ya hospitali, kwa sababu ya kemikali zenye bromini. Chimba kwa mikono, kuanzia mbali na rundo, na umnyanyue pamoja na mchanga wake.