Nyuki wa Tanga na viti vya New York

(Mhadhara wa jioni, Tanga mjini. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Mwenyekiti, ahsante. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, na nyinyi mliosimama mlangoni kama mnangoja daladala, ingieni. Viti vya mbele vipo. Mtu wa Tanga akiona kiti cha mbele kiko wazi hudhani kina mwenyewe, basi atasimama saa mbili nzima na kiti kimekaa peke yake. Kaeni bwana.

Mada ya leo ni viti vya kudumu vya Baraza la Usalama kule New York, na kiti cha Afrika. Wengi wenu nimewafundisha darasani, kwa hiyo mnajua naanzia wapi. Kuna mmoja pale ameshaanza kucheka. Naam, naanzia Raskazone, ufukweni hapahapa Tanga, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Kama mmeichoka hadithi hii, mimi bado.

Meli za Waingereza zimefika. Kabla hajashuka askari hata mmoja, nahodha wa manowari iitwayo Fox anateremka na kwenda kumwona Mjerumani mkuu wa wilaya. Anamwambia kwamba yale makubaliano ya kutopigana yamekwisha, kisha anamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Anamuuliza adui! Mjerumani akamjibu atakavyo, akaomba nafasi kidogo, akatoweka. Habari zikamfikia Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, na reli ya Usambara ikaanza kushusha askari kutoka Moshi, behewa kwa behewa.

Waingereza walileta watu wapatao 8,000. Waliowangoja hawakuzidi sana 1,000. Sasa sikilizeni vizuri walikuwa kina nani. Wale 8,000 wengi wao walikuwa Wahindi, wamepakiwa Bombay, wamekaa melini zaidi ya wiki mbili wakitapika, wakashushwa kwenye mikoko yetu. Wale 1,000 wengi wao walikuwa askari weusi, maofisa wao Wajerumani. Na yule jemadari wa Kiingereza, Aitken, alishauriwa achukue askari Waafrika wa King's African Rifles, watu waliozoea nchi hii na pori lake. Akakataa. Aliona hawahitaji.

Mengine mnayajua. Wakaingia mashambani, risasi zikapasua mizinga, nyuki wakatoka. Nyuki hawakuuliza huyu wa mfalme gani. Waingereza wakarudi melini wakiacha ufukweni bunduki, mizinga ya rashasha na risasi mamia ya maelfu, na baadaye wakasema nyuki wale walitegwa na Wajerumani. Kumbe hata nyuki wa Tanga wana jeshi! (Kicheko.)

Haya, tuhesabu waliokuwapo siku ile: Mwingereza, Mjerumani, Mhindi, Mwafrika. Leo nendeni New York kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa muulize viti vya kudumu ni vya nani. Mwingereza anacho. Mjerumani yuko mlangoni, amejiunga na Japani na Brazili kuomba, na Mhindi yuko nao hapohapo. Mwafrika naye anaomba viti viwili. Yaani katika wote waliopigana Tanga, aliyepewa kiti ni yule aliyeshindwa.

Najua, najua. Kuna mtu atasema: Mwalimu, viti havikugawiwa kwa vita ya Tanga, viligawiwa 1945. Sawa. Twende huko 1945. Nchi waanzilishi 51. Afrika ina nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho mnajua nani alikuwa anaitawala. India ilitia saini ikiwa bado chini ya Mwingereza, baada ya kutoa askari zaidi ya milioni mbili katika Vita Kuu ya Pili. Sisi Tanganyika hatukuwa nchi, tulikuwa amana. Mwaka uliofuata tukawekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kama mali ya yatima inayotunzwa na baba mdogo. Na baba mdogo mnamjua.

Kwa hiyo mkiniambia mambo ya 1945, mnanirudisha Raskazone kwa njia nyingine.

Sasa kuna swali naulizwa kila ninaposema haya, hata kwenye kahawa pale Ngamiani: Mwalimu, unga umepanda, samaki hawashikiki, hilo Baraza la New York linatuhusu nini? Nitawajibu kwa mambo mawili, tusichelewe.

La kwanza, Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kusimama mbele ya lile Baraza la Udhamini na kusema nchi hii itawaliwe kwa ajili ya wenyewe. Alikwenda kwa sababu huko ndiko faili letu lilikokuwa. Lile baraza lilisimamisha kazi Novemba 1994, halina tena yatima wa kumtunza, lakini limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa mpaka leo. Muone jinsi watu wale wanavyobadilisha mambo taratibu.

La pili, Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, na vijana wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, wakaingia Kongo mashariki katika kikosi kilichopewa ruhusa ya kushambulia, siyo kulinda tu. Desemba 2017, pale Semuliki, tulifiwa na vijana wasiopungua 14. Aliyeandika maneno ya azimio lile ni nani? Pale Barazani kuna kitu wanaita mshika kalamu. Kila faili lina nchi inayoandika rasimu, na mafaili mengi ya Afrika kalamu imeshikwa na Wafaransa, Waingereza au Wamarekani. Faili la Kongo ni la Ufaransa. Damu ya Tanga na Mbeya na Lilongwe, wino wa Paris. Ndiyo maana nasema linatuhusu, hata unga ukipanda.

Wengine husema haiwezekani, wale watano wenye viti vya kudumu hawatakubali. Kweli kifungu cha 108 cha Mkataba ni kigumu: theluthi mbili ya Baraza Kuu, kisha theluthi mbili ya nchi ziridhie, na katika hizo lazima wawemo wote watano. Lakini ilishawezekana mara moja. Desemba 1963 Baraza la Usalama lilikuwa na wajumbe 11, nchi zetu zikataka liwe na 15. Tarehe 16 mwezi huohuo Zanzibar na Kenya zilikuwa zimeingia Umoja wa Mataifa. Tarehe 17 ikapigwa kura. Ufaransa ikakataa. Wasovieti wakakataa. Marekani na Uingereza hazikupiga upande wowote. Katika watano aliyesema ndiyo ni mmoja tu, China ya Taiwan. Je, ilikufa? Haikufa! Ilipofika Agosti 1965 wote watano walikuwa wamekwisha ridhia. Waliona nchi nyingi zimekwisha amua na hawakutaka kubaki wabaya peke yao. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani. Aniambie hatujaungana, hapo nitamsikiliza.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye lile ambalo wenzangu hawapendi niliseme. Nalisema hivyohivyo.

Tunao msimamo mmoja wa Afrika tangu 2005, Makubaliano ya Ezulwini, yaliyopewa jina la bonde la kule Eswatini. Viti viwili vya kudumu, vyenye haki zote pamoja na kura ya turufu, ile ya mmoja kuzuia uamuzi wa wote, na viti vitano visivyo vya kudumu. Atakayekaa atachaguliwa na Umoja wa Afrika. Vizuri. Sasa nauliza: nani? Miaka zaidi ya ishirini. Nani? Muulize Mnaijeria, Mmisri, Mwafrika Kusini, Mwethiopia, kila mmoja anatabasamu na kutazama pembeni, kama mabwana harusi wanne na mahari moja. Atachaguliwa kwa kigezo gani? Akishakaa, atamsikiliza nani? Akienda kinyume, nani atamwita arudi nyumbani?

Mtasema naleta fitina. Sawa, basi turudi 2011.

Tarehe 10 Machi mwaka ule, wakuu wa nchi za Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa. Wakakataa majeshi ya kigeni kuingia Libya. Wakaunda kamati ya marais watano waende kutafuta suluhu: Afrika Kusini, Mali, Mauritania, Kongo ya Brazzaville na Uganda. Wiki moja baadaye, tarehe 17, likaja New York azimio namba 1973 la kuruhusu nguvu. Barazani wakati ule Afrika ilikuwa na viti vitatu: Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Wote watatu walipiga kura ya ndiyo. Wote! Na Afrika Kusini ilikuwa ndani ya ile kamati! Tarehe 19 mabomu yakaanza kuanguka, na marais wetu waliotaka kuruka kwenda Tripoli kesho yake wakanyimwa ruhusa ya kupita.

Hebu sikieni waliojizuia kupiga kura siku ile: Urusi, China, Ujerumani, India na Brazili. Mjerumani na Mhindi, walewale wa Raskazone, walisita. Aliyesema ndiyo, mbali na Mwingereza, ni Mwafrika, yule mwenye shamba.

Msinielewe vibaya. Sisemi Gaddafi alikuwa malaika. Watu wa Benghazi walikuwa wanatishiwa kweli, na balozi wa Kiafrika aliyekaa kwenye kiti kile usiku ule alikuwa na lake la kufikiria. Ninachosema ni kwamba alikaa kwa jina la nchi yake. Afrika ilikuwa imekwisha kusema jambo lingine wiki moja kabla, na halikuwa na mtu wa kulibeba mpaka chumbani. Mngempa turufu siku ile, angeitumia kwa amri ya nani?

Na kama 2011 haitoshi, 1994. Rwanda yenyewe ilikuwa imekaa Barazani mwaka ule. Serikali iliyokuwa inaua watu wake ilikuwa na kiti, inasikiliza mazungumzo yote, na tarehe 21 Aprili Baraza likapunguza askari wa Umoja wa Mataifa mpaka 270. Mwafrika alikuwemo chumbani. Mnaona? Kuwemo hakutoshi.

Sasa ajabu ni kwamba nyumbani kwetu tulishalijibu swali hili. Hilo Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lina nchi 15. Hakuna ya kudumu hata moja. Hakuna turufu. Wanaingia kwa kuchaguliwa, wanatoka. Tulilijenga wenyewe baada ya kuona ya New York. Halafu tunakwenda New York kuomba kilekile tulichokikataa Addis Ababa. Mimi ningependa viti vile viwe vya Umoja wa Afrika, nchi zikae kwa zamu, na nchi iliyokaa ifungwe na uamuzi wa Addis. Wanasheria watasema Mkataba unatambua nchi tu, hautambui jumuiya. Najua. Basi tufungane wenyewe kwa mkataba wetu, kabla hatujagonga mlango wa mtu. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa mpaka leo kimeandikwa Jamhuri ya China na Umoja wa Kisovieti. Kiti cha kwanza amekaa Beijing tangu Oktoba 1971, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele kuitetea Beijing siku ile mpaka Wamarekani wakamwekea kinyongo. Miaka kumi baadaye walimzuia kwa turufu asiwe Katibu Mkuu. Kiti cha pili Urusi ilikirithi 1991 kwa barua tu. Neno moja halikubadilishwa. Wakitaka, sheria inapinda kama ukili. Sisi tu ndio tunaosomewa vifungu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matano, nimesema mawili.

Turufu, kwa haraka. Septemba 2024 Marekani ilisema inaunga mkono Afrika kupata viti viwili vya kudumu, bila turufu. Ni kama kukaribishwa kwenye karata barazani, ukapewa kiti, ukapewa kahawa, karata ukagawiwa zote isipokuwa turufu. Ezulwini inasema turufu ifutwe, na kama haifutwi basi kila wa kudumu awe nayo. Nakubaliana nayo, ila tusikae mlangoni miaka mingine ishirini kwa neno hilo moja.

Fedha: azimio 2719 la Desemba 2023, kwamba Umoja wa Mataifa unaweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za majeshi ya Umoja wa Afrika. Hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, lakini linataka jioni yake. Umoja wa Afrika kuingia G20, lile kundi la wenye uchumi mkubwa, mwaka 2023, hilo nalo tuliache. Waitaliano na Wapakistani na ile klabu yao ya kuwapinga kina Ujerumani wasipate viti vya kudumu, tuliache vilevile, ingawa lina vichekesho.

Adhana inakaribia na sitaki kulaumiwa. Maswali. Yule kijana mwenye shati la mistari ameinua mkono tangu nilipoitaja Libya na uso wake haukubaliani nami. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.