Besiboli: Angalieni Kabla Mpira Haujatupwa

Jamani, hamjambo wote? Karibuni tena. Leo sizungumzii chuo, wala baridi, wala viza. Leo mnivumilie nizungumze besiboli, maana kila nikitokea na hii kofia ya Cubs, timu ya besiboli ya hapa Chicago, lazima mtu aniulize: hivi ule mchezo wa watu kusimamasimama uwanjani unaupendea nini? Wengine mmeniambia kabisa mlijaribu kuangalia mkapitiwa na usingizi.

Nawaelewa. Sisi tumekulia kwenye soka, macho yetu yamezoea kuufuata mpira. Mpira ukitulia tunajua hakuna jambo, unaweza hata kwenda kunywa maji. Ukiingia kwenye besiboli na macho hayohayo utachoka ndani ya dakika kumi, kwa sababu shughuli yote inafanyika mpira ukiwa bado mkononi.

Ngoja nieleze. Mtupaji anasimama kwenye kile kichuguu cha udongo, mita 18 na ushee kutoka alipo mpigaji. Mpira wake wa kasi unakwenda kilomita 150 kwa saa, na wapo wanaovuka 160. Kwa umbali ule mpira unafika kwa kama sekunde 0.4. Sasa mpigaji atauona saa ngapi, afikirie saa ngapi, azungushe gongo saa ngapi? Hana muda huo. Lazima awe ameshakisia mapema. Utakuja wa kasi? Utapinda? Au ni ule wa hila, mkono unazunguka kwa nguvu zote halafu mpira unakuja taratibu, na yeye ameshapiga hewa? Mtupaji naye anajua kwamba anakisiwa, kwa hiyo anamkisia anayemkisia.

Penalti mnazipenda, sivyo? Kipa na mpigaji wakitazamana, hata mtu asiyejua soka anatulia. Basi chukueni ile sekunde ya penalti, muipate karibu mara 300 kwenye mechi moja. Hiyo ndiyo besiboli.

Na hawako wawili tu. Mtazameni mdakaji, yule aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni. Watu wengi hawamwoni kabisa, na kwangu mimi ndiye mtu muhimu kuliko wote uwanjani. Yeye ndiye anayependekeza mpira wa kutupa. Zamani alionyesha kwa vidole katikati ya mapaja ili wapinzani wasione, na wapinzani walitafuta kila njia waone. Tangu 2022 wanaruhusiwa kutumia kifaa: mdakaji anabonyeza kitufe, mtupaji anasikia sauti ndani ya kofia yake. Mtupaji asipotaka anatikisa kichwa. Mdakaji anapendekeza mwingine, anatikisa tena. Pale kuna mabishano, ila hakuna anayefungua mdomo. Wakati huohuo walinzi wa nyuma wanasogea hatua mbili kushoto, na mkimbiaji aliyeko besi ya kwanza (besi ni vituo vitatu ambavyo mchezaji wa timu inayopiga anavizunguka hadi arudi nyumbani, pale mpigaji anaposimama, apate pointi) ananyatia polepole kuelekea ya pili, anataka kuiiba, yaani kuifikia bila mpira kupigwa. Mtupaji anamtupia jicho, mkimbiaji anarudi nusu hatua. Yote hayo ndani ya sekunde 18, na mpira bado haujaenda popote.

Kuna mechi moja pale Wrigley Field, uwanja wa Cubs, siwezi kuisahau. Awamu ya nane, Cubs ndio wanapiga, timu ziko sare, auti mbili tayari, yaani wawili wameshatolewa na akitoka wa tatu zamu yao ya kupiga imekwisha, na besi zote tatu zimejaa. Mpigaji ana straiki mbili, yaani mipira aliyoizungushia gongo akaikosa, au iliyopita eneo halali akaiacha. Straiki ya tatu ametoka, awamu imekwisha. Lakini ana boli tatu pia, na boli ni mpira uliotupwa nje ya eneo halali bila yeye kuuzungushia gongo. Akipata ya nne anatembea bure hadi besi ya kwanza, na kwa sababu besi zimejaa, kila mmoja anamsukuma mwenzake mbele, aliyeko ya tatu anaingia nyumbani. Pointi.

Sasa sikilizeni alichofanya. Kanuni inasema ukishakuwa na straiki mbili, mpira ukiugusa ukatoka pembeni hauhesabiwi, unarudi kusimama. Basi yule bwana akawa anaigusa tu. Unakuja wa kasi, anaukwaruza unatoka nje. Unakuja wa kupinda, anaukwaruza. Watu wote tumesimama, watoto wamepandishwa mabegani. Mtupaji anafuta jasho, anatikisa kichwa mara moja, mara mbili. Mwisho akatupa mmoja uliopita chini kidogo ya goti. Mpigaji hakuzungusha, gongo likabaki begani. Boli ya nne. Hakuna aliyepiga kitu, na uwanja mzima ulilipuka! Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Siku hiyo ndipo niliponasa kabisa.

Uwanja wenyewe nao, jamani. Wrigley Field umefunguliwa 1914. Ukuta wa nyuma umefunikwa na majani ya mtambaazi, na majani hayo yamo kwenye kanuni. Mpira ukinasa humo, mlinzi ananyoosha mikono juu, mwamuzi anawapa wapigaji besi mbili basi. Ubao wa matokeo una watu ndani wanaobadilisha namba kwa mkono. Taa za usiku hazikuwepo mpaka 1988, na mimi hadi leo naona mechi tamu pale ni ya mchana. Ukikaa jukwaani utakutana na wazee ambao wazazi wao walikufa bila kuona ubingwa, maana Cubs walichukua 1908, wakaja kuchukua tena 2016. Miaka 108. Hebu muwaze shabiki wa hapo katikati, kila mwaka anakata tiketi.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa jirani yangu ndiye aliyenifundisha kuandika mechi. Alikuja na kadi na penseli, akaniambia njoo hapa mwanangu. Kila mchezaji ana namba ya nafasi yake: mtupaji ni 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, na yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6. Nyuma kuna 7, 8 na 9. Kwa hiyo ukiandika 6-4-3, mwenzako akisoma hata baada ya miaka hamsini anajua kilichotokea: mpira ulikwenda kwa 6, akampa wa besi ya pili, naye akarusha ya kwanza, wapinzani wawili wakatoka kwa mkupuo. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu unaandika herufi K. Kama straiki ya mwisho aliitazama tu ikapita, unaigeuza K ikaangalia nyuma. Tangu nianze kuandika nimeacha kushika simu uwanjani, kwa sababu ukiinama kidogo tu umepitwa na kisanduku kimoja na kadi yote inaharibika.

Kuhusu kanuni mpya nina msimamo wangu. Tangu 2023 kuna saa ya kumhesabia mtupaji: sekunde 15 kama besi ziko tupu, na sasa ni 18 kama kuna mkimbiaji. Asipotupa anaandikiwa boli. Wastani wa mechi ulikuwa zaidi ya saa tatu, ukashuka hadi kama saa mbili na dakika 40. Wapo mashabiki wa siku nyingi wanaolalamika kwamba wameharibiwa mchezo. Mimi nasema ile saa imeondoa kujifunga glavu na kuzungukazunguka, mabishano ya mtupaji na mdakaji yamebaki palepale, tena yamekuwa makali zaidi. Ila hili la kuanzia awamu ya kumi kuwekewa mkimbiaji wa bure besi ya pili ili mechi iishe haraka, hapana. Silipendi. Mkimbiaji lazima aifanyie kazi ile besi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko Cubs. Kila Aprili 15, mkiwasha mechi yoyote ya ligi kuu, mtaona wachezaji wote wa timu zote wamevaa namba 42. Siku hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, akavunja ukuta uliokuwa umewazuia wachezaji Weusi kwenye ligi kuu kwa zaidi ya miaka sitini. Siku nyingine za mwaka namba hiyo haivaliwi na timu yoyote, imestaafishwa tangu 1997.

Lakini kabla yake walikuwepo wengine, na hao ndio wanaoniumiza. Rube Foster, aliyekuwa na timu yake hapahapa Chicago, aliongoza kuanzishwa kwa ligi ya Weusi mwaka 1920, kule Kansas City. Josh Gibson, mdakaji, alicheza kwenye ligi hizo miaka mingi na hakuwahi kuruhusiwa kugusa ligi kuu. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuingia. Mwaka 2024 ligi kuu ikaunganisha rasmi takwimu za ligi za Weusi na zake, na wastani wa Gibson wa kupiga mpira, .372, ukapanda juu ya wote, juu ya Ty Cobb, nyota wa zamani wa ligi kuu aliyeishika nafasi hiyo miaka na miaka. Nimefurahi, kweli. Lakini ilichukua miaka 77 tangu azikwe.

Halafu fainali za 2022 zikachezwa bila mchezaji hata mmoja Mweusi mzaliwa wa Marekani kwenye timu zote mbili, mara ya kwanza tangu 1950. Mimi nalaumu gharama. Mtoto huku akitaka kuonekana anahitaji timu za kusafiri, makocha wa kulipwa, vifaa. Mzazi asiye nazo, kipaji cha mwanawe kinaishia uwanja wa mtaani.

Na msiniambie mchezo huu hauna Mwafrika. Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia na Pittsburgh Pirates, mtu wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu. Mama yake alikuwa mfanyakazi kwenye klabu ya besiboli, na kijana alikulia kwenye chumba kidogo palepale klabuni. Mara yake ya kwanza kushika gongo alikutana na Jon Lester wa Cubs, timu yangu, mtupaji bingwa. Akampiga, akafika besi ya kwanza. Kwa hiyo siku hiyo Cubs wangu walifungwa historia, na mimi nashangilia kila nikiirudia video yake.

Majirani zetu Uganda nao. Watoto wao walifuzu fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2011, wakanyimwa viza. Wakarudi mazoezini, wakafuzu tena 2012, timu ya Lugazi, ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 Dodgers wakasaini vijana wawili wa Uganda. Na nyumbani Dar es Salaam, shule ya sekondari Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Wangapi mnaupita kila siku na hamjui? Nendeni mkawaangalie wale vijana.

Mkitaka kuanza kwenye runinga, mechi ya mchana pale Wrigley kwa kawaida huanza saa 7:20 mchana kwa saa za huku, huko kwenu ni saa 3:20 usiku. Awamu mbili za kwanza msijali matokeo. Kaeni na mdakaji tu, mwone anapoweka glavu kabla mpira haujaja, halafu mwone kama mtupaji ameipata au ameikosa. Kuiba besi nitawafanyia video yake peke yake wiki ijayo, maana hapo kuna kuhesabu hatua, kusoma bega la mtupaji, na mdakaji anarusha akitokea kwenye magoti. Niandikieni mlipokwama.