Mdogo Huyu, Saratani Gani?

MBWANA: Karibuni tena barazani kwetu, Tanga mjini. Mimi Mbwana. Da Zuhura yuko hapa, katoka kazini kliniki ya meno moja kwa moja, hata chai hajanywa.

ZUHURA: Nimeinywa njiani, usinisingizie. Leo saratani ya kichwa na shingo, na nataka tuwazungumzie vijana.

MBWANA: Kichwa, maana yake ubongo?

ZUHURA: Ubongo haumo. Ni midomo, ulimi, mafizi, koromeo, zoloto pale inapotoka sauti, nyuma ya pua, na tezi za mate. Ukifungua kinywa ukajitazama kwenye kioo, sehemu kubwa unaiona mwenyewe. Ndiyo maana inaniuma watu wanapokuja wamechelewa.

MBWANA: Wanachelewa kwa nini?

ZUHURA: Nikupe mfano. Kijana wa bodaboda, hajafika miaka 35. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi. Zahanati moja wakampa antibayotiki. Kikabaki. Duka la dawa wakamwambia fangasi. Kikabaki. Nyumbani bibi yake akasema hicho ni kimeo, akapelekwa kukatwa kimeo.

MBWANA: Kidonda kiko ulimini, wanakata kilimi cha kooni!

ZUHURA: Miezi ikapita. Alipofika kwetu nikagusa kile kidonda kwa kidole chenye glavu: kigumu, kingo zimeinuka, na chenyewe wala hakimuumi sana. Halafu havuti sigara, hanywi pombe. Kila aliyemtazama aliona kijana mwenye afya, akaishia hapo.

MBWANA: Sasa kama havuti wala hanywi, kaitoa wapi?

ZUHURA: Saratani ya ulimi kwa vijana wasiovuta ipo, nchi nyingi zimeiona, na sayansi bado haijapata sababu ya uhakika. Za koromeo ndizo zina jibu zaidi. Kuna kirusi kinaitwa HPV, hasa aina ya 16, hichohicho cha saratani ya mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi yake ya kuonyesha kuwa HPV ndiyo inaleta saratani ile ya akina mama. Kirusi hicho kinaweza kukaa kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi. Marekani leo saratani za koromeo zitokanazo na HPV ni nyingi kuliko za mlango wa kizazi, na wengi wanaoumwa ni wanaume.

MBWANA: Kinafikaje kooni?

ZUHURA: Kwa ngono, pamoja na ya mdomo. Wazee wetu mnaosikiliza mtanisamehe. Wengi wakikipata mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki miaka na miaka, ndipo kinaleta balaa.

MBWANA: Na chanjo?

ZUHURA: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Siku hizi ni dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Wavulana hawamo kwenye mpango. Mimi ningependa wawemo, lakini najua chanjo ni pesa.

MBWANA: Tuje kwenye uraibu. Huku Ngamiani tambuu si jambo la ajabu.

ZUHURA: Nilikuwa nakungoja. Watu husema tatizo ni tumbaku tu, popoo iliyomo kwenye tambuu haina neno. Si kweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza popoo kuwa inasababisha saratani, yenyewe peke yake, mwaka 2003. Na siku hizi ipo ya pakiti, tamu, yenye harufu, kijana anaitafuna kama pipi. Kabla ya saratani mara nyingi mashavu hukakamaa kwa ndani, kinywa kinaanza kugoma kufunguka. Jaribu: panga vidole vitatu wima, uviingize katikati ya meno ya juu na ya chini.

MBWANA: Vimeingia. Alhamdulillahi.

ZUHURA: Mtafunaji wa popoo vikimkwama, aje.

MBWANA: Uvimbe wa shingoni je? Kinyozi wangu anasema mara nyingi yeye ndiye anayewaambia wateja, “Kaka, hapa pana tezi.”

ZUHURA: Mungu ambariki, aendelee. Tezi nyingi ni maambukizi tu, na huku TB ya tezi ipo. Lakini tezi ngumu, haiumi, imekaa zaidi ya wiki tatu, haipungui? Ikachukuliwe kinyama kupimwa. Nimeona watu wamemeza dawa za TB miezi mingi bila kipimo hicho. Vilevile pua iliyoziba upande mmoja, inayotoa damu, na sikio la upande huohuo limeziba: hiyo inaweza kuwa saratani ya nyuma ya pua. Tunisia na Algeria huwapata hata vijana wa chini ya miaka 25.

MBWANA: Akishakutwa nayo, anakwenda wapi?

ZUHURA: Hapa anaanzia hospitali ya Bombo, kisha mara nyingi ni Dar, hospitali ya Muhimbili au taasisi ya saratani ya Ocean Road. Ni upasuaji, mionzi, tibakemikali, kutegemea hatua. Jambo moja husahaulika: meno yatazamwe kabla ya mionzi. Bovu ling’olewe mapema, maana kung’oa kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuleta kidonda kisichopona.

MBWANA: Kuna dada katuandikia. Mdogo wake karudi kutoka mionzi, na shemeji yake kamtengea sahani na kikombe chake. Anauliza, inaambukiza?

ZUHURA: Haiambukizi. Na mionzi ile ya mashine inayopiga kutoka nje haibaki mwilini, hata mtoto ampakate. Sahani irudi kabatini na za wenzake. Cha kumtengea ni chakula: kinywa kimekauka, mate hayatoshi, ulimi unamwaka.

MBWANA: Basi achari na pilipili mbuzi hapana.

ZUHURA: Wala ndimu. Uji laini, uliopoa, mtori, ndizi za kuponda na tui. Na maji ya kunywa karibu ya kitanda, usiku koo linamkauka.