Barua Haibebi Kiraka, Barua Ndiyo Kiraka

Habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kutuma viraka vya programu, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyoandikwa kama maandishi, kwa barua pepe moja kwa moja kutoka kwenye terminali, na nimepewa dakika arobaini. Git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo, mnaijua, kwa hiyo sielezi tawi ni nini wala komiti ni nini. Komiti, siyo kamati; hapa hakuna posho. Nachukulia kwamba umeshabadilisha kitu kwenye kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, kimejengeka, umekijaribu, na sasa unataka kimfikie msimamizi wa sehemu hiyo. Hapo ndipo watu wanapoharibu.

Wanaharibu kwa sababu wanadhani barua pepe ni bahasha na kiraka ni kitu kilichotiwa ndani yake. Mtu anaandika "Mheshimiwa, naomba upokee kiambatisho hiki", anaambatisha faili, anatuma, kisha anakaa kusubiri. Sasa tazameni upande wa pili. Msimamizi hakai akanakili kitu kwa mkono. Anaichukua barua nzima kama ilivyo na kuipitisha kwenye `git am`. Amri hiyo huikata barua vipande. Mstari wa From unakuwa jina la mwandishi wa komiti. Date inakuwa tarehe yake. Subject, ikishavuliwa lile neno `[PATCH]`, inakuwa kichwa cha komiti. Maneno yanayofuata mpaka kwenye vistari vitatu, `---`, yanakuwa maelezo ya kudumu. Na kinachoanzia `diff --git`, yaani diff, orodha ya mistari inayotoka na inayoingia, ndicho kinachogusa msimbo.

Kwa hiyo barua haibebi kiraka. Barua ndiyo kiraka. Ukiandika "Shikamoo mzee, pole na kazi" juu ya vile vistari vitatu, hata kwa Kiingereza kizuri, umeomba salamu yako iingie kwenye historia ya Linux. Salamu zina mahali pake: chini ya `---`, kabla ya diff. Pale andika utakacho, `git am` itakitupa.

Najua kuna mtu hapo nyuma ameshakunja uso. Kwa nini tuteseke hivi wakati kuna tovuti unabonyeza kitufe tu? Swali zuri, na jibu lake si kwamba wazee wa kerneli ni wakaidi, ingawa baadhi yao ni wakaidi kweli. Programu ya `patch` ni ya Larry Wall, mwaka 1985. Linux imepokea viraka kwa barua tangu 1991. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoiandika Git mwaka 2005, aliiandikia watu ambao tayari walikuwa wakifanya kazi kwa barua. Na mradi wa Git wenyewe, unaosimamiwa na Junio Hamano tangu mwaka huohuo, bado unapokea viraka kwa njia hii. Kila mstari wa msimbo unajibiwa palepale ulipo, bila mtu kufungua akaunti ya kampuni yoyote. Tena kwa sisi wa bando: `git format-patch`, amri inayotengeneza faili la kiraka, haihitaji intaneti hata chembe. Andaa viraka vyako data ikiwa imezimwa, uvipitie usiku kucha ukitaka, uwashe data kwa dakika moja ya kutuma. Kiraka cha mistari kumi ni kilobaiti chache. Kinachomaliza bando ni kupakua ghala la kerneli, na hilo lina dawa yake: `git clone --filter=blob:none`, inayoleta historia yote lakini yaliyomo kwenye mafaili inayafuata pale tu yanapohitajika. Ujue tu kwamba ukiomba `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itarudi mtandaoni kuyachukua.

Tuingie kwenye jambo lililonileta. Watu wengi wanaandaa kiraka vizuri, wanakifungua, wanakinakili, wanakibandika kwenye ukurasa wa barua wa kivinjari, wanatuma. Kwa macho hakina kasoro. Kimekufa. Nitawaonyesha kimekufia wapi.

Kichwa cha kila kipande cha diff kina namba, mathalani:

`@@ -118,7 +118,7 @@`

Maana yake: kwenye faili la zamani anzia mstari wa 118, hesabu mistari saba, kwenye jipya vilevile. Saba hiyo ni mitatu ya juu isiyobadilika, mmoja uliobadilishwa, na mitatu ya chini. Ile mitatu mitatu si mapambo. Fundi cherehani hashoni kiraka kwa kuambiwa "sentimita ishirini kutoka kwenye kola". Analitazama tundu na kitambaa kilicholizunguka. Git nayo hutafuta ile mistari ya jirani, na ni lazima ilingane herufi kwa herufi. Tena kila mstari huanza na alama moja: nafasi kwa usiobadilika, kutoa kwa unaoondoka, kujumlisha kwa unaoingia.

Sasa kerneli husogeza mistari ndani kwa tabo, siyo kwa nafasi. Mistari yako miwili ilitoka kwako hivi, tukiitazama kwa `cat -A`, ambayo huonyesha tabo kama `^I` na mwisho wa mstari kama `$` (wenye Mac, tumieni `cat -vet`):

`-^I^Ireturn -1;$`
`+^I^Ireturn -ENOMEM;$`

Ikamfikia msimamizi hivi:

`-                return -1;$`
`+                return -ENOMEM;$`

Tabo mbili zimegeuka nafasi kumi na sita. Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa Git, mstari unaotaka kuuondoa haupo kwenye faili, na inasema `patch does not apply`. Siyatungi haya: nyaraka za kerneli zenyewe zinaeleza wazi kwamba Gmail ya kwenye kivinjari haifai kwa kutuma viraka, kwa sababu inageuza tabo kuwa nafasi na kukunja mistari kwenye herufi ya 78.

Kule kukunja mistari ni ugonjwa mwingine, na una dalili yake. Mstari wa herufi tisini unakatwa, kipande cha mwisho kinaangukia mstari mpya, na kipande hicho hakina alama yoyote mwanzoni: si nafasi, si kutoa, si kujumlisha. Git inasimama na kusema `corrupt patch at line 31`. Mzishike dalili hizi mbili. `corrupt patch` ni barua iliyokunjwa au kukatwa. `does not apply` ni tabo zilizogeuzwa, au kiraka kilichojengwa juu ya toleo la zamani. Ili mtu asibaki akikisia lipi kati ya hayo mawili, tengeneza viraka kwa `--base=auto`, mradi tawi lako linajua linafuata tawi lipi la juu; mwishoni utaandikwa mstari wa `base-commit` unaoonyesha ulianzia wapi.

Mjuaji mmoja ataniambia msimamizi anaweza kutumia `git am --ignore-whitespace`. Anaweza. Mistari ya jirani itapita, na ile mipya itaingia na nafasi zake kumi na sita ndani ya faili lililojaa tabo. Na kwa nini afanye hivyo? Ana viraka vingi vya watu waliotuma sawasawa. Wewe atakujibu mstari mmoja, au hatakujibu.

Basi usinakili wala usibandike. Tumia `git send-email`, amri inayotuma barua kutoka kwenye terminali yenyewe. Na kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote, jitumie mwenyewe. Hili nimelisema mahali pengi na nitalisema tena leo, kwa sababu watu huitikia kwa kichwa kisha hawalifanyi. Mpishi huonja chumvi kabla hajapakua. Fanya hivi:

`git format-patch -1 -o zakutuma/ --base=auto`
`git send-email --to=anwani-yako zakutuma/0001-*.patch`

Nenda kwenye kikasha chako, fungua barua, chagua kuona asili yake, na uipakue kama faili la `.eml`. Kisha:

`git checkout -b jaribio origin/master`
`git am ~/Downloads/kiraka.eml`
`git diff tawi-langu jaribio`

Amri ya mwisho inatakiwa ikae kimya. Ikitoa hata mstari mmoja, kuna kitu kimebadilika njiani. Halafu `git log -1`: je, jina ni lako, limeandikwa unavyotaka likae miaka yote? Kichwa kimekatika? Ile salamu imeingia?

"Mbona kuna `--dry-run`?" Ipo, na itumie, lakini ujue inachokionyesha: nani atapokea na vichwa vya barua vitakuwaje. Haitumi kitu. Kama seva yako ya barua ndiyo inayoharibu, na seva za makazini nyingine hubandika tangazo la kisheria chini ya kila barua inayotoka, `--dry-run` haina namna ya kulijua hilo.

Kuandaa mashine, haraka. Ukiambiwa `git: 'send-email' is not a git command`, hujakosea; kwenye Debian na Ubuntu ni kifurushi cha peke yake, `sudo apt install git-email`. Kwenye `~/.gitconfig` weka:

`[sendemail]`
`smtpServer = smtp.gmail.com`
`smtpServerPort = 587`
`smtpEncryption = tls`
`smtpUser = anwani yako nzima`

Narudia: kinachokataliwa ni ukurasa wa kivinjari. Seva ya Gmail ukiifikia kwa `git send-email` haina neno. Mlango wa seva (port) 587 huenda na `tls`. Mlango 465 huenda na `ssl`. Ukivichanganya utakaa unatazama skrini isiyosema kitu mpaka muda uishe. Nywila yako ya kila siku haitakubaliwa, utapata kosa la 535. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwanza, ndipo utengeneze nywila ya programu, yenye herufi kumi na sita. Na tafadhali, usiiandike ndani ya `.gitconfig` halafu ukaipandisha faili hiyo hadharani pamoja na mipangilio yako mingine. Iache, Git itakuuliza.

Kuhusu kuuliza, kuna mtego mtamu sana. Kiraka chako kikiwa na herufi zisizo za ASCII, ile seti ya herufi za kawaida za Kiingereza, na hukutaja usimbaji wake, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kama namba, `git send-email` inauliza: `Which 8bit encoding should I declare [UTF-8]?` Mtu mwenye haraka anaona alama ya kuuliza, anabonyeza `y`. Amejibu kwamba usimbaji wa barua yake unaitwa "y". Barua zenye `charset=y` zimetumwa kweli, na si moja, mpaka Git ikaongezewa swali la pili la kukuuliza kama una hakika. Jibu ni Enter. Enter tu.

Mtego mwingine: `git send-email *.patch`. Kwenye folda una viraka vya toleo la kwanza vilivyobaki na vya toleo la pili, vyote vinaishia na `.patch`, na vyote vinaondoka pamoja. Ukishatuma umetuma, hakuna wa kumpigia simu arudishe muamala. Ndiyo maana nimeweka `-o zakutuma/` pale juu. Ifute folda hiyo kila unapoanza toleo jipya.

Naona naonyeshwa saa. Yaliyobaki nayapitia mbiombio.

Nani umtumie? Usibahatishe: `scripts/get_maintainer.pl --nogit --nogit-fallback` na faili la kiraka. Bila hizo chaguo mbili inaweza kukutajia mtu aliyewahi kurekebisha nukta kwenye faili hilo miaka iliyopita. Kabla ya hapo, `scripts/checkpatch.pl`, inayokagua mtindo wa kiraka. Inalalamika sana, mara nyingine bila sababu, lakini ulalamikiwe nayo kuliko na binadamu.

Mstari wa `Signed-off-by` unawekwa na `git commit -s`. Si sahihi ya urembo: ni kauli kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo, na ilianzishwa 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka uliotangulia, ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux. Kwetu wenye majina matatu, linalotokea ni kwamba kwenye From yapo mawili na kwenye `Signed-off-by` yapo matatu, na `checkpatch` inapiga kelele. Chagua moja, liweke kwenye `user.name`, yaishe.

Unarekebisha kosa la komiti fulani? Weka `Fixes:` na herufi kumi na mbili za kwanza za namba yake, pamoja na kichwa chake kwenye mabano. Toleo la pili ni `git format-patch -v2`, na yaliyobadilika yaandike chini ya vistari vitatu. Ukijibiwa, jibu chini ya kila hoja, usirundike jibu lako juu ya barua yote. Ukinyamaziwa, subiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na ukiona ni zile wiki mbili za dirisha la kuunganisha, Linus anapopokea mabadiliko ya toleo jipya, subiri zaidi, hakuna atakayekusikia.

Swali moja tu, wameniruhusu. Ndiyo, dada. Anasema mtandao wa chuoni umefunga mlango 587, afanyeje? Jaribu 465 kwanza. Nao ukiwa umefungwa, kuna zana inaitwa `b4`, ya Konstantin Ryabitsev, ambayo kwa kerneli inaweza kupeleka viraka kupitia anwani ya wavuti ya kernel.org badala ya seva ya barua. Unaandikisha ufunguo wako mara moja, basi. Unaandaa kwa `b4 prep`, unatuma kwa `b4 send`. Na ukiongeza `--reflect`, mfululizo wote unakuja kwako peke yako, hauendi kwa mtu mwingine. Ndiyo kule kuonja chumvi; sijawalipa waandishi wake waiweke.